Usiku Hauzoeleki

Liko neno lisemwalo sana katika vijiji vyetu, nasi walimu tumelisikia hata limetuchosha. Kijana amaliza shule, apata kazi katika kiwanda cha mjini, na baada ya miezi michache apiga simu nyumbani kusema kwamba kazi yenyewe aiweza, ila saa zake ndizo zimshindazo. Juma hili aingia asubuhi, juma lijalo jioni, na juma la tatu usiku kucha. Kisha mzunguko waanza tena. Au kiwanda chake kina vikosi viwili tu, naye husimama mbele ya mashine saa kumi na mbili, juma moja mchana na juma la pili usiku. Baba akiyasikia hayo hujibu neno moja: "Utazoea." Mama huitikia: "Atazoea tu." Mnyapara aliyempokea getini alikwisha kumwambia vivyo hivyo siku ya kwanza.

Neno hili twataka kulipinga leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, si la kweli. Ya pili, lina mwenyewe: wako watu ambao kwao neno "atazoea" ni fedha.

Hatuvipingi viwanda. Nguo tuvaazo na sabuni tuogeayo hazikushuka na mvua. Wala hatusemi kwamba hakuna kazi ya usiku iliyo ya lazima. Muuguzi hawezi kumwambia mgonjwa asubiri kuche. Tanuru la saruji likizimwa, kulirudisha katika joto lake ni kazi na gharama kubwa. Miwa iliyokatwa ikilala siku nyingi hupoteza sukari yake. Kazi za namna hiyo zina sababu, na sababu yake yaonekana kwa macho. Lakini shati halichachi. Kitambaa kilichoachwa nusu katika mashine ya kufumia usiku hukutwa asubuhi pale pale kilipoachwa. Kwa hiyo kila tusikiapo kwamba watu wakeshe, yafaa tuulize kwanza: ni kitu gani kitakachoharibika wakilala?

Sasa tuutazame mwili. Sisi tusemao Kiswahili huanza kuhesabu saa jua lichomozapo. Saa moja kwetu ni saa ya kwanza ya nuru. Mwili nao huhesabu kwa nuru. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, mna sehemu ndogo sana ipokeayo habari za mwanga na giza, nayo huviamrisha viungo vingine: sasa amka, sasa lala, sasa tumbo lijitayarishe kwa chakula, sasa joto la mwili lishuke. Wala saa hiyo haimo katika ubongo tu. Chembe za ini na za moyo zina saa zake pia, zifuatazo ile kubwa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha, kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda, jinsi saa hiyo ifanyavyo kazi ndani ya chembe. Kwa hiyo usingizi wa usiku si desturi ya wavivu, wala si jambo tulilofundishwa na mama zetu. Ni kitu tulichozaliwa nacho, kama vile nzi alivyozaliwa nacho.

Kwenye saa kumi ya alfajiri au karibu yake, joto la mwili hufika chini kabisa, na akili huwa nzito kuliko wakati wowote. Hapo ndipo mtu wa zamu ya usiku asimamapo mbele ya meno ya mashine. Saa nane ya usiku alikula ugali wake, na tumbo halikuutaka, kwa maana tumbo lilikuwa limelala. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi nyingi umeonyesha kwamba wafanyao kazi za zamu hupatwa na maradhi ya moyo na ya kisukari kuliko wenzao wa mchana, na malalamiko ya tumbo ni ya kila siku. Tena shirika la kimataifa lichunguzalo asili ya saratani, IARC, liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007 katika kundi la mambo ambayo yaelekea kuleta saratani kwa wanadamu, na mwaka 2019 likalitazama jambo hilo upya na kuliacha pale pale. Kuelekea si kuthibitika, nasi hatupendi kumtisha mtu kwa maneno makubwa kuliko ushahidi. Lakini je, tungemnywesha mwanetu maji ya kisima ambacho mabwana afya wamekiandika hivyo?

Mtu atatuambia: "Mwili ni kama mtoto, ukiulazimisha hutii." Naam, mwili hugeuka, lakini polepole, kama saa moja kwa siku, na hivyo ikiwa nuru nayo yakubali. Nuru haikubali. Mtu wa usiku atokapo getini saa kumi na mbili asubuhi, jua lamwangaza usoni, nalo laiambia saa ya mwili wake kwamba siku imeanza. Akifika chumbani, bati limekwisha kupata moto, jirani amefungua redio, watoto wanacheza uani, na muuza samaki apita akipiga kelele. Hulala, lakini usingizi wake hupungua kwa saa mbili au zaidi kuliko ule wa usiku, tena huwa mwepesi na wa vipande vipande. Wachunguzi wamewapima hata watu waliofanya kazi za usiku tu kwa miaka mingi, wakaona kwamba ni wachache sana ambao saa ya mwili wao imegeuka kabisa. Basi ikiwa mtu wa usiku wa kudumu hazoei, yule abadilishwaye kila juma atazoea nini? Siku saba zikiisha, mwili ndio kwanza umeanza kupinda. Na siku ya nane aamriwa kurudi mchana.

Hapa pana jambo ambalo mameneja wengi hawalijui, au hawataki kulijua, nalo halina gharama. Zamu zaweza kuzungushwa kwa njia mbili: kwenda mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, au kurudi nyuma, yaani usiku, kisha jioni, kisha asubuhi. Saa ya mwili wa mtu ni ndefu kidogo kuliko saa ishirini na nne. Kwa hiyo ni rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi kulala. Kila aliyepata kumlaza mtoto mapema kabla ya safari alijua hili bila kwenda chuoni. Mwaka 1982 kulitangazwa uchunguzi uliofanywa katika kiwanda cha madini na chumvi katika jimbo la Utah, Marekani. Wafanyakazi wake walikuwa wakirudishwa nyuma kila juma. Wachunguzi waliugeuza mzunguko uende mbele, na kila zamu ikae majuma matatu kabla ya kubadilika. Watu wakaipenda ratiba yao zaidi, na kiwanda kikatoa mali zaidi. Haikununuliwa mashine hata moja. Kilichobadilika ni karatasi iliyobandikwa ukutani.

Ubaya wa kuzungusha nyuma wazidi katika siku ya kubadilisha. Mtu atoka zamu ya jioni saa nne usiku, na asubuhi ile ile saa kumi na mbili atakiwa getini. Saa nane zimekaa katikati. Toa saa moja na nusu ya kwenda nyumbani, na nyingine kama hiyo ya kurudi. Toa kuoga na kula. Kilichobaki ndicho kiitwacho usiku wake. Na binti atembeaye saa hizo kutafuta bodaboda katika njia isiyo na taa, hofu yake hatukuitia katika hesabu.

Tusisahau pia kwamba usingizi wa mmoja huweza kuwa msiba wa wengi. Gesi ya sumu ya Bhopal, nchini India, ilitoka usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, ikaua maelfu. Mtambo wa Chernobyl ulilipuka tarehe 26 Aprili 1986, saa saba na dakika ishirini na tatu za usiku. Misiba hiyo ilikuwa na sababu nyingi, nyingine za miaka, na si haki kuwatupia lawama yote watu waliokuwa zamu. Lakini ni busara gani kuikabidhi hatari kwa watu wakati ambao macho yao ni mazito kuliko yote?

Hayo ni ya mzunguko. Urefu wa zamu ni dhambi nyingine, ijapokuwa ndugu hawa wawili hupenda kutembea pamoja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao ya pamoja: mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Afanyaye saa hizo, wakilinganishwa na afanyaye saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupatwa na kiharusi huzidi kwa asilimia 35 au karibu yake. Sasa fanya hesabu ya mtoto wa darasa la nne: saa kumi na mbili mara siku sita ni ngapi? Ni 72.

Tutaambiwa kwamba haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba kiwanda hakiwezi kwenda vinginevyo. Jibu hilo ni kuukuu. Twalijua mahali lilipopata kusemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, nako ni katika viwanda vya chuma vya Marekani.

Huko Pittsburgh na miji iliyofanana nao, tanuru za chuma ziliwaka usiku na mchana, nazo zililishwa na vikosi viwili. Kila kikosi kilifanya saa kumi na mbili, wengi wao siku zote saba. Na kila baada ya majuma mawili, ili wa usiku waende mchana na wa mchana waende usiku, kikosi kimoja kilifanya saa ishirini na nne mfululizo. Waliiita zamu ndefu. Mwezi wa Septemba 1919 mamia ya maelfu ya watu hao waliacha kazi, na moja ya madai yao lilikuwa siku ya saa nane. Wakashindwa, Januari 1920 mgomo ukaisha, wakarudi tanurini. Lakini umoja mmoja wa makanisa ya Kiprotestanti ulikuwa umetuma tume kwenda kutazama, chini ya Askofu Francis McConnell wa Methodisti, na mwaka ule ule wa 1920 tume ikachapisha iliyoyaona. Ilisema wazi kwamba watu walifanya kwa wastani karibu saa 69 kwa juma. Na mtu wa namna hiyo hawezi kuwa mume, wala baba, wala mwananchi, wala mshirika wa kanisa, kwa kuwa hana saa ya kuwa kitu chochote.

Wakubwa wa chuma walikasirika. Rais Harding mwenyewe aliwaomba waache zamu za saa kumi na mbili. Mwezi wa Mei 1923 kamati yao, iliyoongozwa na Elbert Gary, ilijibu kwamba haiwezekani: watahitajiwa watu 60,000 zaidi, gharama zitapanda kwa asilimia 15, na isitoshe wafanyakazi wenyewe wazitaka saa nyingi ili wapate fedha nyingi. Makanisa ya Kiprotestanti, Wakatoliki na marabi wa Kiyahudi, ambao si kila siku husema neno moja, wakatoa tamko la pamoja kulikataa jibu hilo. Watu wakanung'unika nchi nzima. Basi kabla mwaka haujaisha, jambo lisilowezekana mwezi wa Mei lilikuwa limeanza kufanyika: toka Agosti 1923 viwanda vilianza kugeuza vikosi viwili kuwa vitatu vya saa nane. Chuma hakikukoma kutoka.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu majibu matatu ya kamati ile twayasikia hata leo karibu nasi, kana kwamba yamenakiliwa: watu hawatoshi, gharama ni kubwa, na wenyewe wataka. La kwanza halihitaji jibu katika nchi ambayo vijana hujaa getini kila asubuhi wakiomba kibarua. Tuyatazame mengine mawili.

Gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Sasa chukua mashine moja itakayo mtu mmoja, iendayo usiku na mchana kwa siku sita, yaani saa 144. Ujira wa saa moja uwe shilingi 1,000. Tumechagua tarakimu nyepesi kwa ajili ya hesabu tu. Ukiweka watu wawili, kila mmoja hufanya saa 72. Saa 45 ni shilingi 45,000. Saa 27 za ziada, kwa 1,500 kila moja, ni 40,500. Jumla yake 85,500, na kwa watu wawili 171,000. Ukiweka watu watatu, kila mmoja hufanya saa 48. Saa 45 ni 45,000. Saa tatu za ziada ni 4,500. Jumla 49,500, na kwa watu watatu 148,500. Mashine imekwenda saa zile zile. Nguo zilizofumwa ni zile zile. Na watatu wamegharimu shilingi 22,500 pungufu kuliko wawili!

Saa za chakula tumeziacha pembeni. Ukizitoa, tarakimu hupungua lakini jibu haligeuki. Twajua pia kwamba mtu wa tatu ana sare, likizo na siku za kufundishwa. Lakini mwenye kiwanda asemaye kwamba vikosi viwili humpunguzia gharama nyingi kuliko vitatu, na aulizwe kwa upole: hizo saa 27 wazilipaje? Maana kwa njia ya sheria, faida hiyo haipatikani. Hupatikana mahali ambapo saa ya ziada hulipwa kama saa ya kawaida, au hulipwa kwa soda na mkate, au huandikwa kwamba haikuwako. Hii ndiyo maana tulisema neno "atazoea" lina mwenyewe.

Tena sheria ile ile yasema saa za ziada zisizidi 50 katika majuma manne. Saa 27 mara nne ni 108. Yaruhusu makubaliano ya kuyakusanya masaa katika siku chache, hata saa kumi na mbili kwa siku, lakini hapo siku zisizidi tano katika juma. Yataka mtu apumzike saa kumi na mbili mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi, isipokuwa pale palipo mapatano maalumu ya maandishi. Na apewe saa moja ya mapumziko akiisha kufanya zaidi ya saa tano. Yakataza mwanamke mwenye mimba kupewa kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua. Si sheria mbaya. Ubaya wake mmoja ni bei iliyoupa usiku: toka saa mbili usiku hata saa kumi na mbili asubuhi, nyongeza ni asilimia 5. Katika mfano wetu ni shilingi 50 kwa saa, yaani shilingi 500 kwa usiku mzima. Majirani zetu wa Kenya hawana cha kutucheka, kwa maana amri yao ya jumla ya mishahara ya mwaka 1982 iliweka juma la kawaida la saa 52, na kwa wafanyao usiku ikaruhusu saa 60. Yaani usiku ulihesabiwa kuwa mwepesi kuliko mchana! Twadhani aliyeiandika alilala vizuri.

Sasa lile la "wenyewe wataka". Ni kweli, nasi hatutalificha. Katika hesabu yetu mtu wa saa 72, ikiwa alipwa kwa haki, huenda nyumbani na shilingi 85,500, na yule wa saa 48 huenda na 49,500. Mwenye kodi ya chumba, na ada ya mdogo wake, na mama aliye mgonjwa kijijini, atachagua ipi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana aombaye ovataimu hapendi ovataimu, apenda kula. Mtu akiwa na njaa ukamwuliza kama ataka kubeba magunia mawili badala ya moja ili apate sahani ya pili, atakuambia ndiyo, na hiyo "ndiyo" yake si ushahidi juu ya uzito wa magunia. Kwa hiyo wanaodai zamu za saa nane bila kudai ujira wa saa nane umtoshe mtu, wadai nusu tu, na nusu hiyo wafanyakazi wenyewe watakuwa wa kwanza kuikataa. Zile shilingi 22,500 zilizobaki zaweza kuwa mwanzo: zigawe kwa watatu, kila mmoja apata 7,500 juu ya ujira wake. Hazitoshi. Lakini hayo yajadiliwe mezani kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, yasiamuliwe na mnyapara getini.

Na sisi wa vijijini, mambo haya yatuhusu nini? Yatuhusu kwa maana sisi ndio tulipao kilichobaki. Kiwanda humpokea kijana wa miaka ishirini, mwenye mwili tuliouotesha kwa mahindi yetu na kuutibu kwa kuku wetu tuliowauza. Akiisha kuwa na shinikizo la damu, au tumbo lisilopona, au akili isiyotulia, mkataba wake hautiwi sahihi tena, na basi humrudisha kwetu. Mkono ukikatwa na mashine, waonekana, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi waweza kuuliza ulikatikaje. Usingizi wa miaka minane uliopotea hauna cheti. Dawa yake hununuliwa na dada yake auzaye mboga.

Yatuhusu pia katika nyumba zao. Tumewajua mume na mke, wote wawili wa viwandani, ambao kwa majuma mengi walionana mlangoni tu, mmoja akiingia na mwingine akitoka, mtoto akipokezwa kama ufunguo. Mtu wa zamu zizungukazo hawezi kuwa mwanakwaya, kwa kuwa mazoezi ya Alhamisi yatamkuta kazini juma moja katika kila matatu. Hawezi kushika zamu ya upatu, wala kukaa katika kamati ya shule, wala kumzika jirani. Wachungaji hulalamika kwamba vijana wa mjini wameiacha ibada. Yamkini wengine wameiacha. Lakini kabla ya kumwandika mtu katika daftari la waliopoa, ni vema mzee wa kanisa akaombe kuiona ratiba yake ya kazi. Huenda Jumapili zake zote za mwezi zimo mle, zimeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Twawaomba wazazi mambo machache yawezekanayo. Kijana ajapo kuaga kwamba amepata kazi, msimwulize mshahara tu. Mwulizeni: vikosi ni viwili au vitatu? Ratiba hubandikwa mapema, au mtu huambiwa jioni kwa kesho? Zamu zaenda mbele au zarudi nyuma? Saa za ziada huandikwa wapi, naye apewa nakala? Yuko mjumbe wa chama cha wafanyakazi ndani ya kiwanda? Aweke daftari lake mwenyewe, aandike kila siku saa aliyoingia na saa aliyotoka, kwa wino, na tarehe. Likija shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, daftari la senti chache lina nguvu kuliko machozi mengi. Na vijana tuliowafundisha kusoma, kuandika na kujumlisha, hatukuwafundisha ili watumie elimu hiyo kutuma salamu peke yake.

Kisha liko jambo la Krismasi. Kila mwaka vijana wa viwandani huja nyumbani kwa siku nne au tano, na kila mwaka twasikia maneno yale yale barazani: kijana wa fulani ameharibiwa na mji, alala hata saa sita mchana, hakushika jembe, hakwenda kumsalimu mjomba. Wazee wetu, mtu huyo ametoka usiku wa saa kumi na mbili, akapanda basi asubuhi ile ile, na mwili wake haujui kama ni mchana au ni usiku. Mwacheni alale. Mjomba na aje yeye kumwona jioni. Watoto wahamishe kinu cha kutwangia upande wa pili wa nyumba, mbali na dirisha lake, na chakula chake kifunikwe, kimngoje.